Moto Haujui Mpaka

Leo tutazungumza juu ya vinyunyizio, yaani vichwa vya bomba darini vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukizuka.

Mwaka wa 1874, huko New Haven, Marekani, Henry Parmelee alivibuni ili kulinda kiwanda chake cha piano. Wengi hudhani moto ukiwaka vichwa vyote hufunguka. La, sivyo! Kila kichwa hungoja joto lake. Basi swali kubwa ni hili: moto utafungua vichwa vingapi pamoja? Ukikisia vichache, bomba litakuwa jembamba, na maji yatadondoka tu jengo likiteketea.

Zamani kila fundi alikuwa na jibu lake. Mwaka wa 1895, katika maili 100 kuzunguka mji wa Boston, palikuwa na kanuni tisa mbalimbali. Watu wa bima na wa vinyunyizio wakakutana, na mwaka wa 1896 kikazaliwa chama cha taifa cha kuzuia moto, NFPA.

Siku hizi, kwa kanuni za chama hicho, ofisi huhesabiwa eneo la futi za mraba 1,500. Karakana ya kupuliza rangi, 2,500, tena kwa maji mengi zaidi. Je, zikiwa chumba kimoja? Joto hutambaa chini ya dari, halisimami penye mstari wa sakafuni. Kwa hiyo maji ya karakana huvuka mpaka futi 15 kuingia upande wa ofisi. Pakiwa na ukuta wa kuzuia joto, hayavuki.