Ramani huria: mgeni anaanzaje kuweka kijiji chake kwenye ramani ya simu?

Mtu akimpigia bodaboda usiku amfuate mgonjwa, huelekeza hivi: pita kanisani, ukifika kwenye mwembe mkubwa kata kushoto, kisha ulizia kwa mwenye mashine ya kukoboa. Kwa aliyekulia Lupiro au Mang'ula maelekezo hayo yanatosha. Dereva wa gari la wagonjwa aliyehamia juzi kutoka mkoa mwingine hana wa kumuulizia saa nane usiku. Akifungua ramani kwenye simu anaweza kuona barabara kuu, mto na vijumba visivyo na jina.

Wasikilizaji wamekuwa wakituuliza ni nani anayeweka majina kwenye ramani hizo. Ramani nyingine ni mali ya kampuni, na kampuni ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ipo moja isiyo ya kampuni, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Inachorwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bure ilimradi ataje ilikotoka. Hapa Tanzania wengi wanaifahamu kwa jina la ramani huria, kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walipita mtaa kwa mtaa wakiandika ilipo mitaro, njia na majengo.

Mwaka huohuo ulianza mradi mwingine, Crowd2Map Tanzania, unaoshughulika zaidi na vijijini. Watu wa nchi mbalimbali hukaa makwao wakitazama picha za setilaiti na kuchora nyumba na barabara wanazoziona. Mkoani Mara ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Picha inaonyesha nini, haionyeshi nini?

Hapa ndipo mwenyeji anapohitajika. Aliye Ulaya anaona paa la bati, hawezi kujua kama ni zahanati, shule au ghala la mpunga. Anaona vibanda katikati ya mbuga akadhani amekuta kijiji, kumbe ni vibanda vya shambani ambavyo watu huhamia msimu wa kilimo na kuviacha baada ya mavuno. Anaona njia nyeupe iliyonyooka, na picha ilipigwa Septemba. Sisi tunajua njia hiyo mwezi wa nne inakuwa maji matupu. Mafuriko ya 2024 yalipoikumba Mlimba, swali la kwanza la kila aliyetaka kupeleka msaada lilikuwa njia ipi bado inapitika. Ramani huria ina nafasi ya kuandika kwamba barabara fulani hupitika kiangazi tu, ila lazima awepo anayejua aiandike.

Ramani pia huzeeka. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, safari ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi ilipitia kwenye kivuko. Daraja likikamilika, ramani haijibadilishi yenyewe.

Kazi ya kwanza iwe ndogo

Kwa simu za Android ipo programu iitwayo StreetComplete, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua lolote kuhusu uchoraji wa ramani. Haikupi ramani tupu uanze kuhangaika. Inakuuliza swali moja kuhusu kitu kilicho mbele yako: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Inaitwaje? Unajibu, basi. Ukikuta kitu hakipo, unaacha ujumbe na picha ili mwenye uzoefu akichore. Unafungua akaunti kwa barua pepe, unapakua eneo lako ukiwa na mtandao, kisha unatembea nalo hata pasipo na mnara. Majibu yanakusubiri kwenye simu mpaka upate bando.

Sheria ni chache. Andika ulichokiona mwenyewe. Usinakili majina kutoka kwenye ramani za kampuni, maana hizo zina wenyewe. Usiandike jina la mwenye nyumba wala namba yake ya simu, na sehemu ambako watu wamejificha kwa usalama wao isiingizwe kabisa. Jina la kitongoji likiwa na utata, muulize mwenyekiti au wazee kwanza.

Mbona wengi huacha?

Tuseme ukweli, nasi tuliacha. Mara ya kwanza tuliweka zahanati moja, tukaandika jina kwa herufi kubwa tupu na kuiweka ng'ambo ya barabara. Ukaja ujumbe wa Kiingereza, mstari mmoja, kwamba tumekosea. Hakusema tumekosea nini. Tulikaa miezi mingi bila kugusa ramani. Baadaye Mtanzania mmoja alituandikia kwa Kiswahili, akashukuru kwa jina tuliloleta, akaeleza namna ya kulisogeza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Kwa hiyo tunaona shida kubwa haiko kwenye simu. Iko kwenye mapokezi, na kwenye maelekezo. Mengi ya maelekezo ya ramani hii yako kwa Kiingereza, na yameandikwa na mafundi waliokwisha kusahau walikuwa wanakwama wapi. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kurasa hizo za maelekezo nazo ziko wazi, zinahaririwa na kutafsiriwa na yeyote, kama ramani yenyewe. Anayefaa kuziandika kwa Kiswahili ni yule aliyejifunza wiki iliyopita, ambaye bado anakumbuka alibonyeza wapi pakagoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukiogopa kuharibu, jua kwamba kila badiliko linahifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya, na yaliyokuwepo mwanzo yanaweza kurudishwa. Ukimsahihisha mwingine, mwambie kosa liko wapi na linarekebishwaje, kwa lugha anayoielewa.

Kama simu yako haina nafasi ya programu, shirikiana na mwenye nayo. Mtendaji, mhudumu wa afya ya jamii na dereva wa bodaboda wakikaa saa moja chini ya mti wanaweza kutaja kila kitongoji, kila kisima na kila kivuko cha mtumbwi, kijana mmoja akiingiza. Anzeni na zahanati, na njia ya kuifikia wakati wa masika.