Mcheza Kwao Hutuzwa? Mtunzi wa Nyimbo Baada ya Bendi

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Methali hii kila mwanafunzi anaijua, na kila mwalimu amepata kuieleza darasani. Maana yake ni kwamba mtu anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hakosi kupata chochote kutoka kwao. Lakini methali nayo yafaa ipimwe kwa mambo yaliyotokea. Katika insha hii tutaipima kwa maisha ya mtunzi mmoja wa muziki wa dansi wa Tanzania, Marijani Rajabu, ambaye wapenzi wake walimwita Jabali la Muziki. Tutatazama hasa ile sehemu ambayo kwa kawaida haielezwi: miaka ambayo bendi imekwisha, na mtunzi amebaki na nyimbo zake tu.

Kwanza hatuna budi kukumbuka jinsi mtunzi alivyotuzwa zamani. Malenga wa ngoma hakuwa na mshahara. Alikuwa mkulima ama mvuvi kama wenzake, na siku ya ngoma ilipofika ndipo alipojulikana kuwa malenga. Wimbo wake uliimbwa na wote, lakini watu walijua umetoka kwa nani. Neno lake lilipowagusa, mtu aliinuka katikati ya uwanja akamtuza. Desturi hii bado tunaiona katika taarabu, ambako msikilizaji huenda mbele akampa mwimbaji fedha mkononi hali wimbo ukiendelea. Jambo kubwa hapa ni kwamba kati ya mtunzi na msikilizaji hapakuwa na mtu wa tatu. Tuzo ilitoka mkono hata mkono.

Muziki wa dansi, uliokuwa ukikua katika miji yetu tangu miaka ya 1930, ulileta utaratibu mwingine. Gitaa za umeme, saksafoni na vipaza sauti ni vyombo vya gharama kubwa, ambavyo mpigaji wa kawaida hakuweza kujinunulia. Basi mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Baada ya Uhuru, vyama na mashirika ya umma yaliichukua kazi hiyo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jeshi la Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo yalikuwa na bendi zao. Bendi nyingine zilikuwa mali ya watu binafsi.

Hatutaki kuubeza utaratibu huo, kwani ulikuwa na faida kubwa. Ulimpa mwanamuziki mshahara na mahali pa kufanyia mazoezi. Ulikuza Kiswahili, na uliingiza mapigo ya ngoma zetu katika gitaa. Sikinde, mtindo wa bendi ya Mlimani Park, umetokana na ngoma ya Wazaramo. Lakini mtunzi sasa alikuwa mtu wa kuajiriwa. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na jina la bendi lilikuwa la mwajiri. Siku alipoondoka, alitoka na kipaji chake na nguo alizovaa.

Marijani Rajabu alizaliwa mwaka 1955. Alianza kuimba katika bendi ya STC Jazz angali kijana mdogo, na mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alijiunga na Safari Trippers. Huko ndiko jina lake lilikoanza kuvuma. Katika nyimbo za bendi hiyo tunazikumbuka "Georgina" na "Rosa Nenda Shule", ambayo jina lake peke yake ni somo. Mwaka 1977 alianza safari mpya na Dar International, bendi iliyojulikana kwa mtindo wa Super Bomboka, na ndiko zilikotoka "Zuwena" na "Mwanameka". Nyimbo hizi ni visa. Mtunzi anamtaja mtu kwa jina, anatusimulia yaliyompata, kisha anatuachia sisi kuamua. Kwa sababu hiyo mwalimu wa fasihi anaweza kuzifundisha kama anavyofundisha ngano, na mwanafunzi akaona wahusika, mgogoro na funzo.

Lakini wakati ule ule sauti hiyo ilipokuwa imeenea nchi nzima, mambo matatu yalikuwa yakiidhoofisha hali ya mwenye sauti.

La kwanza ni mahali pa kutolea santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi zetu zilizoea kutegemea studio na viwanda vya Nairobi. Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka baina ya Tanzania na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, ile miaka hasa ambayo Marijani alikuwa katika kilele cha utunzi wake, njia ya santuri ilikuwa ngumu mno.

La pili ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo za bendi na kuzitangaza kila siku. Bila kazi hiyo njema, sehemu kubwa ya muziki wetu wa miaka ile ingalipotea kabisa. Lakini kanda ilibaki katika maktaba ya redio. Wimbo ukipigwa mara moja ama mara mia, mfuko wa mtunzi haukuongezeka. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, ila hapakuwa na chombo cha kumkusanyia mtunzi mirabaha yake.

La tatu ni bendi zenyewe. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Dar International walihamia Mlimani Park, bendi mpya iliyokuwa chini ya shirika la umma la usafirishaji. Hatuwezi kuwalaumu, kwani kila mtu hutafuta mahali penye uhakika wa mkate wake. Kisha ikaja hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, vipuri na nyaya za gitaa zikaadimika, na disko zikachukua sehemu ya wachezaji. Bendi ya mtu binafsi haikuwa na ngao dhidi ya mambo hayo. Marijani alipita katika bendi nyingine kadhaa, lakini hakuipata tena bendi ya kudumu iliyolingana na jina lake.

Katika miaka yake ya mwisho, Jabali la Muziki alikuwa akiuza kanda za nyimbo zake katika kibanda huko Kariakoo. Hapa yatupasa tusimame kidogo na kufikiri. Mnunuzi aliyefika pale aliinunua sauti ya mtu yule yule aliyempokea fedha na kumrudishia chenji. Msomaji mmoja ataona aibu tupu katika picha hii. Mwingine ataona uhuru: mtunzi hatimaye amejitoa mikononi mwa mwenye vyombo, anauza kazi yake mwenyewe, mkono hata mkono, kama malenga wa kale.

Sisi twaona kwamba uhuru ule ulikuwa wa kweli lakini haukuwa na kinga. Tuzo ya malenga haikuweza kuigwa, kwa kuwa ili kumsikia ilikupasa uende uwanjani alipo. Kanda ya kaseti haiko hivyo. Duka lenye mashine mbili za kaseti liliweza kutoa nakala nyingi kadiri lilivyotaka, na fedha yote ikabaki dukani. Kwa hiyo Marijani alikuwa akishindana sokoni na sauti yake mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wauzaji wengi wa nyimbo za Marijani Rajabu, naye ndiye peke yake aliyezitunga.

Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40. Miaka minne baadaye, mwaka 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo juu yake ilijengwa COSOTA, chombo cha kwanza nchini cha kuandikisha kazi za wasanii na kusimamia mirabaha. Sheria hiyo ilikuja wakati wa kuwafaa wengine. Yeye haikumkuta.

Turudi basi kwenye methali yetu. Wengine huitamka hivi: mcheza kwao hutunzwa. Tofauti ni herufi moja, lakini inatufaa katika kufikiri. Kutuza ni kumpa mtu zawadi siku ya furaha. Kutunza ni kumwangalia siku zote. Kwa sifa, Marijani alituzwa sana, kwani hakuna jina kubwa kuliko Jabali. Alilokosa ni kutunzwa. Nyimbo zake tulizitunza: zimo katika maktaba ya redio, na hata leo hupigwa katika vipindi vya nyimbo za zamani, zikachezwa na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake. Tuliuhifadhi wimbo, tukamsahau mtunzi, kana kwamba vitu hivyo viwili vyaweza kutenganishwa.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Ikiwa ndivyo, basi wanaoilisha roho hiyo wana haki juu yetu. Wajibu huu si wa serikali peke yake. Mwalimu anapotumia wimbo darasani, na aandike ubaoni jina la aliyeutunga, kama anavyoandika jina la mshairi. Mwanafunzi naye na aulize mtaani kwake: yuko nani hapa aliyewahi kutunga nyimbo katika bendi? Anaishi vipi sasa? Katika miji yetu mingi wazee wa namna hiyo wapo, na baadhi yao bado wanatunga bila bendi na bila vyombo. Tukiwafikia wangali hai, methali ya wahenga itakuwa kweli. Tukingoja mpaka msibani, tutakuwa tumewatuza tu, tena kwa kuchelewa.