Dirisha la Kuingiza Nuru Lilivyovishwa Mapazia Mawili

Pita mtaa wowote wa London wenye nyumba za matofali za zama za Malkia Victoria, utaona sebule za mbele zimetoa kitambi kuelekea barabarani: dirisha moja katikati, mawili ubavuni yamekaa mshazari. Awali yalikuwa mambo ya wakubwa. Ukumbi wa kasri la Hampton Court unalo la namna hiyo tangu enzi za Mfalme Henry VIII. Mtu wa kipato cha kawaida angejitia hasara, kwani tangu 1696 serikali ilitoza kodi kwa kuhesabu madirisha, na wapo walioyaziba kwa matofali ili kuikwepa. Mwaka 1746 kioo nacho kikawekewa ushuru, tena kwa uzito.

Ushuru wa kioo ulifutwa 1845, kodi ya madirisha 1851. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1846, John Livesey wa Nottingham aliirekebisha mashine ya lesi ikaweza kufuma mapazia. Kwa hiyo kioo kiliposhuka bei, kitambaa cha kukifunika nacho kilikuwa njiani. Kilihitajika kweli, maana aliyeketi kwenye dirisha lililochomoza huonekana na wapita njia kutoka pande tatu. Mchana lesi ilimwezesha mwenye nyumba kutazama nje bila kutazamwa. Usiku taa ikiwashwa mambo yaligeuka, ndipo likavutwa pazia la pili, zito, mara nyingi la mahameli.

Tabu ilikuwa kwenye pembe. Pete za pazia hukwama pale fimbo mbili zinapokutana. Wengine waliona heri wapitishe fimbo moja iliyonyooka mdomoni mwa dirisha. Jioni pazia likifungwa, ile nafasi yote waliyoigharamia, pamoja na kiti kilichowekwa humo, inabaki upande wa baridi. Mimi naona huo ulikuwa ubadhirifu, ingawa chumba kilipata joto.

Charles Eastlake, katika kitabu chake cha 1868 kuhusu mapambo ya nyumba, aliwakemea waliotundika fimbo nene za kujionyesha na mapazia ya kuburuza sakafuni yakizoa vumbi. Alitaka fimbo nyembamba ya chuma au shaba, pete za kawaida, na kitambaa kinachoishia chini basi. Vumbi halikuwa jambo dogo: moshi wa makaa ya mawe uliichafua lesi upesi. Ikishafuliwa, ilitandazwa kwenye fremu ya mbao iliyozungushiwa pini, ikashikizwa ukingo mzima ili ikauke bila kujikunja. Aliyeifanya kazi hiyo aliambulia vidole vilivyochomwachomwa.

Siku hizi reli ya alumini au plastiki hupindwa kufuata umbo la dirisha, na pazia huteleza konani bila kukwama. Hata hivyo fundi makini hupima kila upande peke yake, juu na chini, kwa sababu katika nyumba hizo kuukuu ni nadra pembe mbili zilingane.