Mkono wa Kuazima: Historia Iliyo Nyuma ya Somo la Saa Moja

Katika mitaa ya Kyoto, na kandokando ya hekalu la Sensoji huko Asakusa mjini Tokyo, mtalii anaweza kulipia somo la saa moja la shodo, yaani khati ya Kijapani inayoandikwa kwa brashi na wino mweusi. Huketishwa mbele ya kitambaa kizito, juu yake karatasi nyepesi iliyokandamizwa kwa kipande cha chuma isije ikapeperuka. Pembeni yake jiwe la wino, brashi na kielelezo kilichoandikwa na mwalimu. Huonyeshwa namna ya kuishika brashi wima, huandika herufi ileile mara nyingi, huchagua moja iliyomkalia vizuri na kuondoka nayo. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na masomo ya aina hii yamekuwa sehemu ya kawaida ya safari, pamoja na chai ya unga wa kijani na kuvaa kimono. Wapo wanaoyabeza. Wanasema sanaa inayodai miaka 30 ya mtu haiwezi kufungiwa katika saa moja, na kwamba mgeni asiyesoma Kijapani anachora tu, haandiki. Lawama hizo zina uzito, nami sizipuuzi. Lakini ukiifuata historia ya shodo mpaka kwenye mzizi wake, unayemkuta pale ni mgeni, ameketi mbele ya kielelezo kisicho cha kwao, anauiga mkono wa mtu mwingine.

Wajapani hawakuwa na maandishi yao wenyewe. Herufi ziliwafikia kutoka China, nyingine moja kwa moja na nyingine kupitia Korea, na kwa muda mrefu zilifika kama vitu vya kutazamwa kuliko kusomwa. Mwaka 1784 mkulima mmoja wa kisiwa cha Shikanoshima, karibu na Fukuoka, alifukua muhuri mdogo wa dhahabu ambao wanahistoria wanauhusisha na ule uliotolewa na mfalme wa China mwaka 57 kwa mtawala mdogo wa upande ule. Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu ni upanga wa chuma uliopatikana mwaka 1968 katika kaburi la Inariyama, mkoani Saitama. Miaka kumi baadaye, wakati wa kuuhifadhi, picha za eksirei zilionyesha chini ya kutu herufi 115 zilizotiwa dhahabu. Wataalamu wengi wanasoma tarehe yake kuwa mwaka 471. Mwenye upanga, Wowake, anataja ukoo wake wa vizazi vinane na mfalme aliyemtumikia, Wakatakeru. Sentensi ni za Kichina, lakini majina hayo si ya Kichina, kwa hiyo mwandishi aliyatafutia herufi za Kichina zenye sauti inayokaribiana nayo, akaiacha maana ya kila herufi kando.

Hapo ndipo dhihaka moja kubwa dhidi ya masomo ya watalii inapoanguka. Husemwa kwamba kumwandikia mgeni wa Nairobi au wa Lyon jina lake kwa kanji, yaani herufi za asili ya Kichina, kwa kufuata sauti tu, ni kuiharibu kanji. Basi huo uharibifu ni miongoni mwa matendo ya kale kabisa tunayoyajua katika uandishi wa Japani. Njia hiyohiyo ya kuchukua sauti na kuacha maana ndiyo iliyotumika karne ya 8 kuandika mashairi ya Man'yoshu, mkusanyo wa kale wa ushairi wa Kijapani, na herufi hizo zilipolainishwa kwa kuandikwa haraka zilizaa hiragana, herufi za sauti za Kijapani. Sisi tulioazima herufi za Kiarabu tukaziongezea na kuzigeuza ili zibebe sauti za p, ch na v hatuna budi kuelewa jambo hili mapema kuliko wengine. Herufi ya kuazima hutumika vibaya kwanza, kisha matumizi yale mabaya ndiyo yanayokuwa sarufi.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi, nao ni ule wa lugha. Mgeni haelewi anachokiandika. Mkono wake unafuata umbo bila akili kufuata maana. Ni kweli kwamba anayesoma Kijapani huliona neno na mstari kwa pamoja, na kwamba mgeni hupoteza nusu ya hayo. Hata hivyo tuangalie nani walioijenga khati ya nchi hiyo. Kitabu cha kumbukumbu cha Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasema mtawa aliyefika kutoka Korea mwaka 610 alikuwa na ustadi wa kutengeneza karatasi na wino. Kazi kubwa iliyoungojea ustadi huo ilikuwa kunakili vitabu vya dini ya Kibudha. Katika mji wa Nara serikali ilianzisha karakana za kunakili ambako makarani waliinama siku nzima juu ya maandishi ya Kichina, na ndani yake mlikuwa na dua zilizotoka Kisanskriti ambazo zilibebwa kwa sauti tu, bila tafsiri. Kilichodaiwa kwao ni herufi sahihi katika mstari ulionyooka. Uelewa haukuwa sharti la kuketi mbele ya karatasi.

Nyaraka za karakana hizo zimehifadhiwa katika hazina ya Shosoin huko Nara, nazo zinajibu pia lawama ya biashara, ile isemayo kwamba fedha ya mtalii inaichafua sanaa. Makarani walilipwa kwa idadi ya kurasa, na aliyekosea au kuruka maneno alikatwa malipo. Imesalia hata rasimu ya ombi lao la karne ya 8: wanataka nguo safi badala ya zile zilizochakaa na kunuka, siku za mapumziko kila mwezi, chakula bora, na sake kidogo kwa ajili ya maumivu ya kukaa muda mrefu. Mwandiko wao leo unatazamwa kwa heshima nyuma ya vioo vya makumbusho, na ulikuwa kibarua. Fedha ilikuwapo tangu mwanzo.

Kwa nini basi kunakili kulipewa hadhi kubwa namna ile? Jibu liko kwa Wang Xizhi, Mchina wa karne ya 4 ambaye China na Japani zote zilimwita bwana wa khati. Hakuna hata kipande kimoja cha mkono wake kilichobaki. Inasimuliwa kwamba kazi yake mashuhuri kuliko zote, ya mwaka 353, ilizikwa pamoja na Taizong, mfalme wa enzi ya Tang aliyeipenda kupita kiasi. Tunachokiita mwandiko wa Wang ni nakala, na nakala za nakala: zilizofuatishwa juu ya karatasi nyembamba, zilizochongwa kwenye mawe kisha zikapigwa chapa kwa wino. Sanaa nzima imesimama juu ya kielelezo ambacho hakuna aliye hai aliyekiona. Ndiyo maana zoezi la kunakili, ambalo Wajapani huliita rinsho, halikuchukuliwa kuwa ngazi ya watoto inayovukwa na kusahauliwa. Ni njia pekee iliyokuwapo ya kukutana na bwana huyo.

Mtu atasema: lakini mabwana wa Japani waliondoka kwenye kunakili wakafika mbali, na mtalii haendi popote. Ni kweli, na tusiupunguze umbali wenyewe. Kukai, mtawa aliyevuka bahari kwenda China mwaka 804 na kurudi mwaka 806, aliacha barua kwa mtawa mwenzake Saicho ambazo mpaka sasa zimetunzwa katika hekalu la Toji mjini Kyoto. Ndani yake mkono wa Wang unaonekana wazi, na bado barua ni za Kukai. Mwaka 894 safari za wajumbe kwenda China zilisitishwa. Mwaka huohuo ndio anaohesabiwa kuzaliwa Ono no Michikaze, ambaye hakuwahi kukanyaga China lakini ndiye aliyeanza kuulainisha mwandiko wa Kichina ukawa na mzunguko wa Kijapani. Karibu na wakati huo hiragana, iliyoitwa mkono wa wanawake, ilipata uzuri wake wenyewe, herufi zikishikana na kutiririka chini kama uzi. Kutoka Kukai mpaka Michikaze ni takribani karne moja. Saa moja haiwezi kushindana na karne, na mwalimu anayemwambia mgeni kwamba ameshakuwa msanii anamdanganya.

Ila lawama hiyo inaisahau sehemu kubwa zaidi ya historia, kwa sababu inawatazama mabwana peke yao. Wengi walioshika brashi Japani hawakwenda popote nayo. Katika enzi ya Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19, watoto wa wakulima, mafundi na wafanyabiashara walisomea terakoya, shule ndogo ambazo somo lake la msingi lilikuwa kuandika. Mtoto alipewa kielelezo, mara nyingi barua ya mfano au orodha ya majina ya vijiji na bidhaa, akakifuata juu ya daftari lilelile mpaka karatasi ikawa nyeusi tititi, ikaanikwa, akaandika tena juu ya weusi ule kwa wino uliokuwa bado unang'aa. Hakuna aliyetaraji Kukai atoke humo. Alitarajiwa mtu wa kuandika hati ya deni na barua ya salamu. Leo hii mwanafunzi wa shule ya msingi Japani huanza brashi darasa la tatu, kwa takribani vipindi 30 kwa mwaka, na wengi wakimaliza shule hawaishiki tena ila labda Januari 2, siku ya maandishi ya kwanza ya mwaka. Tukimfukuza mtalii kwa kuwa hatafika mbali, itatubidi tuwafukuze na hao.

Tena, wazo kwamba shodo ni sanaa takatifu isiyoguswa na mikono ya kawaida ni changa. Mwaka 1882 mchoraji Koyama Shotaro aliandika kwamba khati si sanaa, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka maneno, na mwanazuoni Okakura Kakuzo akamjibu mwaka huohuo kwa kuitetea. Mjadala huo ulizuka kwa sababu Japani ilikuwa imeanza kupima mambo yake kwa vipimo vya Ulaya, ambako mchoro ulikuwa upande mmoja na mwandiko upande mwingine. Baada ya vita vya pili vya dunia brashi ilipoteza nafasi yake katika shule za msingi, ikarudishwa hatua kwa hatua. Wakati huo wa mashaka, mwaka 1952, kikundi cha Bokujinkai kilianzishwa, na ndani yake alikuwamo Inoue Yuichi, mwalimu wa shule aliyeandika herufi moja kubwa kuliko mwili wake na kuonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa. Huyo ndiye mfano wa uhuru wanaoutaja wapinzani wa kunakili. Naye, pamoja na ukali wake wote, aliendelea kunakili khati ya Yan Zhenqing, bwana mwingine wa enzi ya Tang.

Ikiwa hoja hii inasimama, basi linabadilika pia swali la kuuliza kuhusu masomo ya watalii. Urefu wa muda na uraia wa mwanafunzi si vipimo. Kipimo ni kama kielelezo kipo mezani na kama mwalimu anakisahihisha alichofanya mwanafunzi, kwa wino mwekundu juu ya ule mweusi, kama anavyofanya kwa mtoto wa darasa la tatu. Pale mgeni anapoambiwa ajieleze tu, apake apendavyo, kisha apigwe picha, kitu kimekatwa, hata kama chumba kina mikeka ya nyasi na maua. Nasikitika zaidi kuona wino wa chupa umeshika nafasi ya kusaga. Kipande cha wino wa Nara kinatengenezwa kwa masizi ya mafuta yaliyochomwa polepole, yakachanganywa na gundi ya mnyama, yakakandwa, yakatiwa katika kalibu na kukaushwa taratibu kwenye majivu. Kazi yenyewe hufanywa miezi ya baridi, maana joto huozesha gundi. Kukisugua juu ya jiwe kwa matone ya maji huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo hutuliza bega na kuupa mkono uzito kabla haujagusa karatasi. Katika saa moja dakika kumi zinapatikana. Walimu wanaozitoa wanastahili ada yao.

Katika hazina ileile ya Shosoin umo mwandiko wa mwaka 744 uitwao Gakkiron, wa Komyo, mke wa Mfalme Shomu. Ni nakala ya mwandiko wa Wang Xizhi, na maneno yenyewe hayakuwa ya Wang: naye aliinakili insha ya mwandishi aliyemtangulia, kuhusu jemadari wa kale wa China. Komyo alikuwa na miaka zaidi ya 40, malkia wa nchi, na mistari yake ni mizito na yenye haraka kuliko kielelezo chake. Mwishoni ilipotiwa sahihi, cheo hakikuandikwa. Iliandikwa tarehe, na kwamba yeye ni binti wa tatu wa Fujiwara.