Ini Letu ni Amana: Somo la Historia Kutoka Ziwa Viktoria



Sisi watu wa pwani tukichomwa na neno chungu husema, "Limenikata maini." Hatusemi limenikata mguu wala bega. Wazee wetu waliliona ini kuwa ndipo penye uhai na huruma. Je, umepata kujiuliza ini likikatwa kwelikweli huwaje?

Mwenyezi Mungu amelipa ini uwezo ambao hakuupa moyo wala figo. Mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walieleza jinsi walivyokata theluthi mbili za ini la panya, na baada ya wiki chache sehemu iliyobaki ikakua hata kukaribia uzito wa kwanza. Mwaka 1963 Daktari Thomas Starzl, mjini Denver, alijaribu kumpandikizia mtoto mdogo ini la mtu mwingine. Mtoto yule alifariki. Ikawa mpaka 1967 ndipo mgonjwa wake mmoja alipoishi zaidi ya mwaka. Kisha mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, Daktari Russell Strong alichukua kipande cha ini la mama akampandikizia mwanawe, naye akapona. Katika upasuaji wa namna hiyo kipande hukua mwilini mwa mtoto, na ini la mama nalo hukua tena.

Wanazuoni walikwisha litazama jambo hili. Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1988 liliruhusu aliye hai kutoa sehemu ya mwili wake kwa hiari, maadamu hajiangamizi. Kuuza lilikataza.

Sasa twende Mwanza. Wengi wetu tuna ndugu waliohamia huko kwa biashara ya samaki na dagaa. Katika maji ya ukingoni mwa ziwa huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo. Mtu akioga, akifua au akivuta nyavu, vijidudu hupenya ngozi yake. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo na kutaga. Mayai mengine hutoka na choo, mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo. Makovu huizingira mishipa, damu hukosa njia, bandama huvimba, na siku moja mtu aliyedhaniwa mzima hutapika damu.

Habari hii si ya jana. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851. Mwanza kwenyewe, kuanzia 1967, Serikali na Shirika la Afya Duniani walifanya mradi wa kupambana na kichocho, na mwaka 1971 Hospitali ya Bugando ikafunguliwa juu ya kilima chake. Dawa ya prazikwanteli, iliyopatikana katika miaka ya 1970, huwaua minyoo. Lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho akirudi majini.

Siku hizi yasikika habari ya seli shina, yaani chembe changa za mwili ziwezazo kugeuka kuwa chembe za namna nyingine. Wataalamu wanajaribu kuwatia waliopandikizwa ini, ili ini jipya likue upesi na mwili usilikatae. Ni utafiti wa heri, lakini haujawa tiba iliyothibitika. Huko Uingereza wagonjwa 81 wenye makovu ya ini waliingizwa katika jaribio la chembe zilizotolewa katika damu yao wenyewe. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2018, waliotiwa chembe hawakuonekana na nafuu kuwashinda waliopata matunzo ya kawaida. Tena fahamu kwamba ini lililoumizwa na kichocho kwa kawaida halikupungukiwa na chembe. Limezibwa njia za damu.

Basi akija mtu kukuambia uuze shamba la mzee ukanunue sindano ya seli shina, ikumbuke Misri. Huko, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, watu wengi mno walidungwa sindano za kutibu kichocho. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilitumika tena bila kusafishwa sawasawa, zikaeneza homa ya ini ya aina ya C. Waliokimbia mnyoo wakapata ugonjwa mwingine wa ini lile lile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupandikiza ini ni kujenga ukuta, tena kwa gharama ambayo nyumba chache zaiweza. Ufa wetu waonekana: choo kisicho na shimo, mtoto aogaye ukingoni, dawa iliyogawiwa shuleni ikatupwa njiani. Mwandikie ndugu yako aliyeko ziwani, umwambie apimwe na wanawe wameze dawa. Ini alilopewa ni amana, na amana huulizwa.