Udanganyifu wa Bima: Anayeibiwa Lundo Ni Nani?

Mwulize mwananchi wa Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtu anayeghushi dai la bima humwibia nani. Yumkini atakujibu: serikali. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lina historia.

Katika chama cha kuzikana, kudanganya ni kazi ngumu. Wanachama wanamfahamu marehemu, wanaifahamu familia yake, na fedha zimetoka mifukoni mwao. Bima rasmi ilitufikia kwa njia nyingine. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likahodhi biashara hiyo hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko. Kwa takribani miaka 30, bima ilikuwa ofisi ya umma iliyo mbali, na cha mbali hakina mwenyewe.

Soko huria nalo lilizaa stika bandia za magari. Hapo mwathirika ni mwenye gari: amelipa, kisha siku ya ajali anaambiwa hana bima. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na leo stika huhakikiwa kwa simu. Naiona hatua hiyo kuwa ya busara, kwa kuwa imemkabidhi mlipaji uwezo wa kukagua.

Katika bima ya afya bado hatujafika hapo. Kadi huazimwa, vituo hudai malipo ya dawa ambazo mgonjwa hakupewa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kila dai la uongo hula fedha za mvuvi na mkulima wa muhogo. Dawa zikikosekana, kaya hazirudi kulipa, na mfuko hudhoofika zaidi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kuhakiki kadi na sura humbana mgonjwa. Mtoa huduma atabanwa na nani? Mkutano mkuu wa kijiji husomewa mapato na matumizi ya kijiji. Usomewe pia jumla ya madai ya zahanati yake na aina za dawa zilizolipiwa, bila majina ya wagonjwa. Wanakijiji wanajua dawa ipi haijawahi kuonekana dirishani.