Sinia la Mgeni: Asili ya Karamu za Pwani

Katika mwaka wa 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko, aliteremka Mogadishu, akapokewa kwa taadhima kubwa, akapewa nyumba ya wageni. Na baada ya kukaribishwa kwa tambuu na popoo, na kumiminiwa mikononi maji ya waridi ya Sham, aliandaliwa maakuli ambayo aliyaeleza kwa makini hata kila apendaye historia ya jikoni hana budi kumshukuru. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mabivu yaliyotiwa ndimu za achari, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji, asema, kila walapo tonge la wali hufuatisha kipande cha achari.

Achari ile ya ndimu na ya embe haijapata kuondoka katika sinia la mgeni, toka Lamu hata Kilwa, na mrashi wa maji ya waridi ungali unapitishwa harusini. Nayataja haya kwa kuwa imeenea kauli, hata miongoni mwa watu wa elimu, ya kwamba karamu ya Waswahili ni amana ya wageni tu: pilau na biriani kutoka Uajemi na Bara Hindi, halua kutoka Omani, na wenyeji wasiwe na lao ila kupokea. Kauli hiyo ina sehemu ya haki, lakini sinia lilikuwapo kabla ya pilau kupakuliwa ndani yake.

Ushahidi wa hayo umo ardhini. Kisiwani Pemba wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua miji miwili ya zamani, Tumbe na Chwaka, na mtafiti Sarah Walshaw akazichunguza punje za nafaka zilizoungua na kusalia katika udongo, akatoa matokeo yake mwaka wa 2010. Tumbe, mji uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka yake kubwa ilikuwa uwele. Chwaka, uliofuata toka karne ya 11 hata ya 15, mpunga ulikuwa umeupita uwele. Mpunga ni mmea uliokuja kwa njia ya bahari kutoka Asia, tena una mashaka mengi, hutaka maji kwa wakati wake, na palizi yake haina huruma. Basi watu waliokuwa na uwele ulio mstahimilivu hawakuuacha kwa ajili ya njaa. Mpunga waliupandia heshima. Zama hizo hizo ndipo yalipozidi mabakuli mapana ya kuandalia watu wengi pamoja, na vyombo vya kaure kutoka Uchina na vya udongo kutoka Uajemi vikapambwa katika kuta za misikiti na makaburi, na baadaye katika zidaka za majumba ya mawe, ili kila aingiaye ajue kuwa mwenyeji wake ni mtu wa kulisha watu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha habari yote: wali ulikuwa chakula cha murua kabla haujawa chakula cha kila siku.

Ndizi nazo zina nasaba ndefu. Ibn Battuta alipofika Mombasa aliona kuwa chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka kwingine. Leo mwezi wa Ramadhani mahali pa maziwa pameshikwa na tui. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu, tui la kwanza lililo zito likawekwa kando. Ndizi mbichi huchemshwa kwa tui la pili, pamoja na iliki na sukari kidogo, mpaka zilainike, ndipo lile zito limiminwe juu yake, moto ukipunguzwa na mpishi akikoroga polepole bila kukoma, kwani tui likikatika futari imeharibika.

Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, walifungua njia ya mazao ya Amerika, muhogo, mahindi, pilipili na nanasi. Lakini badiliko kubwa zaidi la karamu lilikuja karne ya 19, Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja na mikarafuu ikatanda visiwani. Binti yake Salme, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka wa 1844, ameandika katika kitabu chake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886 jinsi jiko la jumba lile lilivyopika kwa namna ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kituruki, kwa kuwa watu wa mataifa mengi walikaa humo. Wapishi wenyewe, ambao wengi wao walikuwa watumwa, majina yao hayakuandikwa, na hilo lanihuzunisha, maana mikono yao ndiyo iliyochanganya iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba hata pilau ya Unguja ikawa na harufu yake mbali na ya Shirazi na ya Bombay. Halua kadhalika: uwanga, sukari, samli, zafarani na lozi, hukorogwa kwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba, kisha huliwa kidogo kidogo kwa kahawa chungu.

Na safari ya vyakula haikuwa ya upande mmoja. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Omani mwaka wa 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliotawanyika, jamaa nyingi zilitoka Unguja na Pemba kwenda Maskati, zikachukua pamoja nazo mapishi ya mama zao. Na leo maandazi na mchuzi wa nazi huandaliwa wageni katika nyumba za Omani.